Ardis Kvamme Anaagiza Boti Mpya

Mpaka anafikisha miaka hamsini na tisa, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Ardis Kvamme anataka rangi gani. Gari lake la kwanza lilikuwa la shangazi yake, la kahawia, lenye mlango mmoja wa bluu. Gauni la harusi alivaa la binamu, likapunguzwa kiunoni. Basi la shule analoendesha, namba kumi na nne, ni la manjano kama mabasi yote ya shule ya Minnesota, na hilo halina mjadala. Hata nyumba yao ya kando ya ziwa waliikuta ya kijani, wakaipaka kijani tena kwa sababu makopo mawili yalikuwa yamebaki bandani.

Sasa ni Alhamisi ya mwezi wa pili, nje baridi inakata kama wembe, na mwanamume mmoja mwenye kalamu amesimama mbele yake ndani ya duka la boti, anamuuliza kwa upole, "Haya mama, tuanze. Unataka kubwa au ndogo? Na rangi gani?"

Ardis akamgeukia mumewe. Merle akatazama dari.

"Usiniangalie mimi," Merle akasema. "Nilishakwambia, hii ni yako. Mimi nimefuata kahawa yao tu."

Merle alikuwa fundi wa magati. Miaka thelathini na moja aliingiza magati ya mbao ziwani barafu ikiyeyuka, na vuli akayatoa kabla barafu haijarudi kuyavunja. Ya watu yote kwanza, la kwake mwisho. Mwaka jana magoti yalimgomea, akauza biashara kwa ndugu wawili wa mji wa jirani. Siku pesa zilipoingia alimwambia mkewe jikoni, mikono ikiwa bado kwenye povu la vyombo: "Viangazi vyote hivi mimi nimo kwenye maji ya watu, na wewe unaniletea mkate ufukweni. Nusu ni yako. Nunua boti. Mpya. Chagua mwenyewe, na mimi sitafungua mdomo." Ardis alimwambia aache utani. Kesho yake akamwambia tena aache utani. Siku ya tatu alikaa kwenye kiti, akalia kidogo, halafu akauliza lile duka la barabara kuu hufungwa saa ngapi.

Na boti aliyoitaka, ndugu zangu, si ya kuvulia samaki. Ni boti ya mawimbi. Tumboni ina matangi. Inajaza maji ya ziwa mpaka mkia unazama, na ikitembea taratibu inaacha nyuma yake wimbi moja refu, nene, lisilokatika. Mtu anasimama juu ya ubao, anaachia kamba, na wimbi lenyewe linambeba kama mama anavyombeba mtoto. Ardis aliwahi kujaribu mara moja, nyuma ya boti ya mkwe wa Bev. Alisimama sekunde tisa. Akazisimulia majira yote ya baridi.

Bev Ostlund ni jirani yao, miaka sabini na mmoja, mdomo hauna breki. Kila Jumatano asubuhi ya kiangazi yeye na Ardis na wanawake wengine wawili wa ufukwe ule walikuwa wakitoka na boti kuukuu ya Ardis, wanavutana kwa kamba, wanaanguka, wanacheka. Agosti iliyopita sakafu ya boti ile, iliyokuwa imeoza chini kwa chini, ilimeza mguu wa Bev mpaka gotini. Walicheka mpaka wakashindwa kumtoa. Lakini boti ilikuwa imekwisha. Jumatano zilizobaki walikaa kwenye gati na vikombe vya kahawa, wakiyatazama maji kama watu wanaotazama karamu ya jirani. Ndipo Bev, ambaye hasemi jambo bila mzaha, akasema bila mzaha: "Haya magoti yana viangazi vitatu, Ardis. Vinne nikiyabembeleza. Usiniache nikipoteze kimoja."

Hiyo ndiyo iliyokuwa moyoni mwa Ardis alipokuwa akizunguka boti za dukani siku ile, anazigusa ubavuni kwa kiganja kama mtu anayechagua farasi.

Bev alikuwa ameshapanda ndani ya ile kubwa, ya futi ishirini na tatu, na viatu vya theluji amevivua kwa heshima. "Ardis! Njoo ukae hapa! Kiti kinanikumbatia! Marehemu mume wangu hakuwahi kunikumbatia hivi!"

"Shuka, Bev, utachafua."

"Nitachafua vipi, nimevaa soksi!"

Muuzaji alicheka. Jina lake Colt Ledbetter, mtu wa Tennessee, amemfuata mkewe huku kaskazini mwaka wa pili huu, bado anavaa makoti mawili. Akaeleza tofauti: ile ndogo ni nyepesi kugeuza, lakini kubwa ina matangi yenye ujazo zaidi, na wimbi lake linafika kifua. Ardis aliposikia neno kifua alihisi moyo umeruka. "Kubwa," akasema, mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake.

"Safi! Sasa nyongeza. Hita ya kupuliza hewa ya moto miguuni, niweke?"

Hapa lazima niwaeleze jambo. Upande ule, ukikaribishwa keki nyumbani kwa mtu, unakataa. Unakaribishwa tena, unakataa kwa sauti laini zaidi. Mara ya tatu ndipo unasema, haya, kipande kidogo tu, nisije nikakuudhi. Anayekubali mara ya kwanza watu wanamtazama kama hakufunzwa na mamaye. Ardis alikuwa ameyanyonya hayo na maziwa.

"Aa, hapana," akasema. "Hayo makuu."

Colt akapiga mstari.

Ardis akasubiri aulizwe tena. Kalamu ilikuwa imeshafika chini.

"Bomba la maji ya moto nyuma, la kuogea mkitoka ziwani?"

"Tusikusumbue, kaka."

Mstari. Bev, kule juu kwenye kiti kinachokumbatia, alikuwa amefumbua macho kama bundi.

"Siti za joto?"

"Mbona tutavaa masweta."

Mstari. Ardis akameza mate. Kila mstari ulimpita kama sahani ya chakula inayopita mezani haisimami.

"Sasa mnara." Colt akanyoosha kidole kwenye ile fremu ya chuma iliyopinda juu ya boti, inayoshika kamba na mbao. "Wa kawaida umesimama hivyo hivyo, una paa gumu, mzuri sana. Upo pia unaokunjwa kwa swichi, unalala mbele."

"Huo wa kawaida unatosha."

Colt akainua kalamu, akasita. "Mna daraja njiani?"

Daraja lipo. Akina Kvamme wanaishi kwenye Ansgar Ndogo, ziwa la kina kifupi lenye matete ambamo ndege wa maji hutaga. Kwenye mkutano wa wenye nyumba walikubaliana kwamba boti za mawimbi zisifanye kazi humo, zinatibua tope na kufagia viota, na Ardis mwenyewe aliinua mkono. Mawimbi ni ya Ansgar Kubwa, penye kina. Ila Ansgar Kubwa kumezungukwa na viwanja vya watu, hakuna pa kushushia boti. Unapita kwa mfereji, chini ya daraja la zege. Boti kuukuu haikuwa na mnara, ilipita kama bata.

Merle, aliyeapa kutofungua mdomo, akaufungua. "Hilo daraja nitalipima mimi. Jumapili."

"Sawa, mzee. Mnara huu ukiwa majini unafika futi nane na inchi sita. Nipeni jibu kabla ya Jumanne saa sita mchana. Hapo kiwanda kinafunga oda za mwezi wa tano. Mkikosa hiyo, inayofuata ni ya Agosti."

Agosti! Kwa watu wa kule, mwenye kupata boti Agosti amepata mwavuli mvua imeshakatika.

"Na rangi, mama?"

Macho ya Ardis yalikuwa kwenye boti moja ya pembeni, nyekundu iliyokolea kama cheri zilizoiva hadi kukaribia weusi. Yalikuwa huko tangu aingie.

"Nyeupe," akasema.

"Nyeupe?" Bev akapaza sauti. "Kama friji?"

"Nyeupe haimkwazi mtu."

Jumapili baada ya kanisa wakashuka watatu mferejini, wakitembea juu ya barafu. Merle alikuja na koleo na futi ya chuma. Akafagia theluji mpaka barafu ikang'aa, Bev akakanyaga mwisho mmoja wa futi, Merle akaupandisha mwingine hadi tumbo la daraja.

"Futi tisa na inchi nne!" Sauti yake ikarudi kutoka chini ya zege. "Zinabaki inchi kumi! Bibie, unapita umevaa kofia!"

Ardis aliruka juu ya barafu kwa mabuti yote mawili. Akavua glavu kwa meno, akamwandikia Colt pale pale, vidole vikiwaka kwa baridi: mnara wa kawaida, tunapita. Kisha wakaenda kwa Bev kula viazi vya oveni na nyama ya kusaga, na juu ya kitambaa cha karatasi Ardis akachora boti na viti vyake, nani atakaa wapi. Bev akadai cha kukumbatia.

Jumatatu upepo ulivuma kutwa.

Jumanne asubuhi Ardis alisimamisha basi kwenye kona ya mfereji, mahali ambapo kila siku huchukua watoto wa nyumba ya mwisho. Kutoka kiti cha dereva, juu kule, daraja unaliona ubavu wake wote. Upepo ulikuwa umezifagia nguzo theluji iliyokuwa imezigandia. Na juu ya nguzo, kuzunguka zege, palikuwa na mstari mweusi wa utelezi uliokauka, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Barafu ilikuwa chini yake. Chini sana. Mtu akisimama kwenye barafu, mstari ungemfika juu ya goti.

Ardis akadhani ni kivuli. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Bi Ardis, twende!" watoto wakapiga kelele nyuma.

Alikwenda. Lakini alikwenda akijua. Ule mstari ni maji ya kiangazi. Kila mwezi wa kumi watu wa bwawa hufungua lango, ziwa likashuka ili barafu isikwangue kingo, na masika hulifunga likajaa tena. Kila mtu wa Ansgar anajua hilo. Na zaidi ya wote analijua Merle, maana maji yakishuka ndipo yeye hutoa magati.

Alipowashusha watoto shuleni akampigia. "Merle. Mwezi wa kumi bwawa hufunguliwa, halifunguliwi?"

Alisikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Futi moja na nusu," Merle akasema polepole. Kisha: "Ee Mungu wangu. Ardis. Mimi!"

"Wewe."

"Miaka thelathini na moja!"

"Najua, nilikuwapo."

"Sikuyaona maji yakishuka." Sauti ilishuka. "Kila mwaka nayasikia yanashuka kwenye mapaja yangu. Vuli iliyopita nilikuwa nimekaa dirishani na mabarafu magotini, nawatazama wale vijana wanatoa magati yangu. Sikuingia majini, bibie. Nimepima kama mtalii."

Ardis alitaka kumfokea, na alikuwa na haki. Ila maneno hayo yalimgusa mahali. "Vaa buti," akamwambia. "Mpigie Bev. Nawapitia."

Colt hakupokea simu. Akapigiwa mara nne, hakupokea. Basi wakajibana watatu kwenye kiti kimoja cha pikapu ya Ardis, Merle akakalishwa katikati kama adhabu, magoti mabovu yakigongana na gia kila Ardis akibadilisha.

"Wanaume," Bev akasema akitazama mashamba meupe yakikimbia. "Wanaweza kupima kila kitu isipokuwa maji."

"Na wewe ulikanyaga futi," Merle akajitetea.

"Mimi nilikuwa uzito tu! Uzito hauulizwi!"

Ardis hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu moja tu kichwani: futi nane na nusu, ndani ya futi saba na inchi kumi. Boti nyeupe kama friji, imefungwa gatini kiangazi kizima, na Bev na kikombe chake cha kahawa.

Walifika saa tano na nusu. Colt alikuwa mezani na mkate mdomoni, simu imechomekwa chaji kule ofisini. Akasikiliza, akaacha kutafuna.

"Mama, oda nimeituma sasa hivi. Haina dakika kumi."

Bev akashika kifua. Merle akakaa chini juu ya tairi la trela.

"Irudishe," Ardis akasema.

Colt akamtazama. Hii haikuwa sauti ya Alhamisi. Akainua simu ya mezani, akaongea na mtu wa kiwandani kwa lafudhi yao ya kusini, ndiyo bwana, hapana bwana, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Wanakubali mpaka saa sita. Ila mnara wa kukunja haupatani na paa gumu, utapata la kitambaa. Na ukigusa kitu kimoja lazima niwasomee oda nzima upya, juu mpaka chini, sasa hivi, yeye yuko kwenye laini anaandika. Tuko tayari?"

"Soma."

"Mfano, futi ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Mnara wa kukunja kwa umeme."

"Nataka."

Lile neno lilitoka peke yake, halikusindikizwa na samahani. Colt akafuata mstari kwa kidole. "Hita ya miguuni, hapana..."

"Nataka."

Akainua kichwa. "Alhamisi ulikataa, mama."

"Sikukataa. Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

"Niulize mara ngapi?"

"Tatu!" Bev akafoka. "Mwaka wa pili uko huku, mkeo hajakufundisha?"

Colt akatoa macho. "Kumbe! Mama mkwe wangu kila Krismasi anakataa nyama, naiondoa sahani!"

"Maskini mama wa watu," Merle akasema. "Amekuwa akilala njaa."

"Bomba la maji ya moto?" Colt akauliza, sasa naye amechangamka, nusu anacheka.

"Nataka."

"Siti za joto?"

"Nataka! Masweta gani? Tunatoka majini mwezi wa sita meno yanagongana!"

"Spika za mnarani?"

Ardis akafikiri. "Hizo sitaki. Za ndani zinatosha. Ng'ambo kuna watu wanalala."

Colt akasita, kalamu hewani. "Nikuulize tena?"

"Usiulize. Hiyo ndiyo hapana."

Wakacheka wote, na yule mtu wa kiwandani alisikika kwenye simu akiuliza kuna sherehe gani huko. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita. Colt akafika chini ya karatasi.

"Rangi, nyeupe."

Ardis akageuka. Safari hii hakumtafuta Merle. Alitazama moja kwa moja kule pembeni, kwenye ile boti ya cheri, na uso ukampanda moto kama wa msichana. Alifikiria majirani. Alifikiria wake za wavuvi wakisema kwa upole wao wa sumu, eeh, hiyo nayo ni rangi. Alifikiria yale makopo mawili ya kijani.

"Nyekundu," akasema. "Ile pale. Yote. Isiwe na mstari wa nyeupe hata kidole."

"Nyekundu," Merle akarudia taratibu, kama mtu anayeonja. Halafu akainuka kutoka kwenye tairi, magoti yakalia, akavua kofia. "Kwa kweli sikutakiwa kufungua mdomo. Lakini tangu Alhamisi nilikuwa naomba kimoyomoyo useme hivyo."

"Imepokelewa," Colt akasema, na akaweka simu chini. Bev alikuwa analia na kucheka, anatafuta leso kwenye mikono yote ya koti.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, boti nyekundu iliingia mferejini polepole, wanawake wanne na mwanamume mmoja ndani yake. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ule mstari wa nguzo, yanaulamba. Ardis akabonyeza swichi. Mnara ukainama mbele, ukalala, wala haukutoa sauti kubwa kuliko mlango wa friji. Merle akasimama kwenye pua, akainua mkono, na tumbo baridi la daraja likampita chini ya vidole, kipande kwa kipande, mpaka mkono ukabaki kwenye jua.

Mbele palikuwa na Ansgar Kubwa, pana, halina hata kikunyazi.

"Jaza matangi!" Bev alikuwa ameshavaa suti ya maji tangu kifungua kinywa, ameketi ukingoni, ubao umekumbatiwa. "Ardis, jaza! Unangoja nini, nizeeke?"

Ardis akajaza. Boti ikakaa chini na mkia wake kama kuku anayeatamia, injini ikanguruma kwa sauti nzito, na nyuma likainuka. Lilikuwa kweli linafika kifua: wimbi la kijani, linang'aa, linawafuata kama mnyama mpole. Bev alizama, akaibuka, akashika kamba. Akasimama kwa magoti yake ya miaka sabini na mmoja, yakitetemeka, yakanyooka. Akaitazama kamba mkononi. Akaitupa ndani ya boti.

Wimbi likamshika.

Ardis alikuwa anaendesha shingo imegeuka nusu, macho kwenye kioo, machozi yanampofusha, na mikono haikutikisika kwa sababu imeshika usukani wa watoto wa watu miaka ishirini na sita. Bev alipita misonobari mirefu ya ufukweni, akapita nyumba za watu, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakuwa na neno la kusema.

Kisha akaanguka kwa kishindo, miguu juu. Wakamwendea na boti wakipaza sauti, Ardis akazima injini. Kichwa chake kikaibuka, nywele nyeupe zimemganda usoni, anatema maji, anapiga ziwa kwa viganja vyote viwili.

"Mnazima injini ya nini?" akapiga kelele. "Geuza boti! Geuza!"